Tochi ya Mlangoni

Wakonyo aliacha kazi bila kumuaga mtu. Alimaliza kumulika midomo ya wanawake wa zamu ya mchana, akaizima tochi, akavua koti lake jeupe, akalikunja na kuliweka juu ya kiti cha plastiki, tochi juu yake. Kisha akatoka getini. Askari wa geti alidhani ameenda kununua mandazi. Mpaka leo hajarudi na hayo mandazi.

Kiwanda chenyewe kiko Thika, upande wa viwanda, na kazi yake ni makadamia. Njugu zinaingia na maganda magumu kama kokoto, zinapasuliwa kwa mashine, halafu wanawake wanazichambua zikipita mkandani: nzima huku, zilizovunjika kule, zilizooza chini. Zikishafungwa zinapakiwa kwenye kontena na kwenda kuliwa na watu ambao hakuna mchambuaji aliyewahi kuwaona. Bei yake ni kali, na kitu cha bei kali kikipita mikononi mwa watu wenye njaa, mwenye mali hapati usingizi. Ndiyo sababu mlangoni kuna tochi. Kila jioni mfanyakazi anasimama mbele yake, anafungua mdomo, anainua ulimi, anavuta mashavu kwa kidole chake mwenyewe. Akikutwa na chembe ya njugu jinoni, kazi imeisha, na jina lake linasomwa kwenye maombi ya asubuhi.

Maana kiwanda kile kilikuwa na maombi pia. Kabla mashine hazijawashwa, meneja Kang'ethe aliwasimamisha watu uani, wakaimba ubeti mmoja, kisha akawaita mbele waliokosa. Aliyechelewa aliomba msamaha mbele ya wenzake. Aliyeangusha trei aliomba msamaha. Wenzake wakampigia makofi, na makofi yalikuwa lazima.

Watu walikuwa wakiacha kazi kila kukicha, na Kang'ethe hakuelewa ni kwa nini. Alikuwa ameongeza sukari kwenye chai. Alikuwa ametundika bango lililoandikwa SISI NI FAMILIA MOJA. Wakonyo, mwanamke aliyekuwa mkono wake wa kulia, alipoondoka, Kang'ethe aliamua kwamba hili si jambo la kawaida, akamwalika mhubiri mmoja kutoka Ruiru aje kuikemea roho ya kuacha kazi. Mhubiri akaja na chupa. Akapaka mafuta kwenye mashine za kupasua, akapaka mkanda wa kuchambulia, akapaka hata kile kiti cha plastiki. Kesho yake wachambuaji wengine wawili hawakuonekana, na njugu zote za asubuhi ile zikabidi zioshwe upya kwa kunuka mafuta.

Ndipo Kang'ethe akamwita Kyengo ofisini.

Kyengo alikuwa mtu wa mashine ya kupasua. Miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kuitwa mbele ya maombi hata mara moja, na hilo peke yake lilikuwa sifa.

“Wewe uko na heshima,” Kang'ethe alimwambia. “Watu wanakusikia. Hata kanisani, si ni wewe huonyesha watu mahali pa kukaa?”

“Ni mimi, bosi.”

“Basi hii ni kazi ile ile. Unasimama tu kwa mlango. Koti nyeupe, mshahara inapanda, na unatoka kwa hiyo makelele ya mashine.”

“Na upande wa akina mama? Wakonyo alikuwa mwanamke.”

“Mdomo ni mdomo, Kyengo. Ama daktari wa meno hukuuliza wewe ni nani?”

Kyengo hakuwahi kwenda kwa daktari wa meno. Alisimama akiitazama tochi iliyokuwa mezani, na alichokuwa akikiona si tochi. Alikuwa akiona chumba chao kimoja kule Makongeni, pazia katikati, yeye na mkewe Ndila upande huu na binti yao Dianah upande ule. Dianah alikuwa ameanza kukua. Siku hizi alivaa sare ya shule akiwa amejibanza kwenye pembe, uso ukutani, na Kyengo alikuwa amezoea kutoka nje kila asubuhi akajifanya anatazama mawingu. Kwenye ploti hiyo hiyo kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili iliyobaki wazi, na Ndila alikuwa ameitaja mpaka akachoka kuitaja.

“Nimekubali,” akasema.

*

Nyumbani hakusema tochi. Alisema, “Nimefanywa mkaguzi.”

“Mkaguzi wa nini?” Ndila aliuliza, mwiko mkononi.

“Wa ubora. Naangalia kama njugu ziko sawa.”

Ndila akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akajizuia kwa sababu ya majirani, kisha akaona majirani ni wa nini, akapiga kingine kirefu. Alikuwa mwanamke wa kuuza mboga kando ya barabara, na hakuwahi kuolewa na mkaguzi. Kyengo aliuona uso wake ulivyong'aa, na kama kulikuwa na nafasi ya kusema ukweli ilikuwa hapo. Akaiacha ipite.

Tusimlaumu sana. Hakuna mfanyakazi wa kiwanda kile aliyewahi kusimulia nyumbani habari za tochi. Mtu hatoki kazini akamwambia mwanawe, leo nimekaguliwa meno kama ng'ombe mnadani. Walisimulia joto, vumbi la maganda, chai ya sukari nyingi. Tochi ilibaki mlangoni, kila mtu akaivuka na kuisahau mpaka jioni nyingine.

“Baba,” Dianah aliuliza wakila, “makadamia iko na taste gani?”

“Sijui.”

“Si wewe ndio unazikagua?”

“Nazikagua kwa macho.”

“Miaka yote hiyo na hujawahi kuonja hata moja?”

“Kula ugali,” Kyengo akamwambia.

Mwezi ulipoisha walihamia vyumba viwili. Dianah alifunga mlango wa chumba chake, akaufungua, akaufunga tena, na jioni ile nzima kazi yake ikawa hiyo. Kyengo alisikiliza bawaba zikilia na moyo wake ukatulia. Alijiambia kwamba lolote atakaloliona mlangoni kule kiwandani, mlango huu unalilipia.

*

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kyengo ilianzia Makongeni ikafika Kimbo, Ruiru, na hapo ikakata.

Kimbo ndiko alikokuwa akikaa mama mkwe wake, Mbula. Mvua ilipokosekana Yatta kwa misimu iliyofuatana, alifunga nyumba yake akaja kukaa kwa mwanawe wa kiume, Makau. Kwa binti yake Makongeni asingeweza kukaa. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe: hiyo ni nthoni, ile haya ambayo Wakamba wamewekeana kati ya mwanamume na mama aliyemzalia mke. Vijana wa sasa wanaicheka nthoni. Utawakuta wakipiga selfie na mama wakwe zao, mkono begani. Kyengo na Mbula hawakuwa watu wa namna hiyo. Wakikutana njiani kila mmoja alijitoa kando, wakajuliana hali huku macho yako chini, na Mbula alikuwa na desturi ya kuuvuta upindo wa leso na kuufunika mdomo wake wakati wote wa kuongea na mkwewe. Hawakuwahi kula mmoja mbele ya mwenziwe. Dianah alikuwa anaelekea kumfikia mama yake kimo, na katika miaka yote hiyo Kyengo hakuwa amewahi kuyaona meno ya mama mkwe wake.

Sasa msimu wa njugu ulikuwa umekolea, na kiwanda kikawa kinachukua vibarua getini kila alfajiri. Mbula alichoka kukaa kwa Makau akihesabiwa ugali na mke wa mwanawe. Siku moja alikuja kumtembelea Ndila, mchana, saa ambazo mkwewe hayupo.

“Mwaitũ, nenda kiwandani,” Ndila alimwambia mama yake. “Kazi ni ya kukaa chini na kuchambua. Na mkweo siku hizi ni mkubwa kule. Hakuna mtu atakusumbua.”

“Usimwambie,” Mbula akasema upesi. “Nisije nikaonekana naenda kujiegemeza kwake. Nitaingia na wengine.”

Dianah aliyekuwa akifanya hesabu za shule mezani aliinua kichwa. “Susu, uniletee moja nionje. Baba hajui hata taste yake.”

Bibi na mama yake wakacheka, Mbula leso mdomoni kwa mazoea, ingawa mkwewe hakuwepo.

*

Kyengo hakuyajua haya. Yeye alikuwa na yake.

Mwanzoni alidhani atazoea. Akawa anasema “fungua mdomo” kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na akimaliza anasema asante. Lakini laini ilikuwa ndefu na watu walitaka kwenda nyumbani, kwa hiyo asante ikaanguka, kisha upole ukaanguka, ikabaki ile amri. Alijifunza midomo ya watu kuliko sura zao. Alijua nani ana jino bovu na hana namna ya kuling'oa, nani ameshinda bila kula, nani alikunywa kidogo jana. Wanawake aliokuwa akitaniana nao kwenye chai waliacha kumtania. Walifumba macho wakati wa kumulikwa. Jumapili, kanisani, aliponyosha mkono kuwaonyesha mahali pa kukaa, walipita wakakaa walikotaka.

Ni Gathogo tu, mpakiaji wa kontena aliyepanga jirani na Makau kule Kimbo, aliyeendelea na mzaha wake. Alifika mbele ya tochi akaachama mpaka kidakatonge kikaonekana. “Daktari, hii ya nyuma inanisumbua. Niekee ya dhahabu.”

Watu walicheka, Kyengo akacheka, na alipofika nyumbani alinawa mikono mara mbili kabla ya kumgusa mtoto.

Siku moja alimkuta Wakonyo sokoni Makongeni, amekaa nyuma ya rundo la viatu vya mitumba. Alionekana amepungua, tena ametulia.

“Niaje, mkaguzi,” Wakonyo akasema. Habari husafiri.

“Poa. Wewe uliona nini ukaacha vile? Kulitokea nini?”

“Hakuna kitu ilitokea.”

“Lazima kuna kitu.”

Wakonyo aligonga kiatu kwa kiatu kutoa vumbi. “Mtoto wangu alikuwa mgonjwa. Nikampelekea dawa na kijiko, nikamwambia afungue mdomo. Akaanza kulia. Haki ya Mungu, Kyengo, sikuwa nimemkemea. Ni ile sauti tu. Nilikuwa nimeenda na ile sauti mpaka nyumbani.” Akamtazama. “Hujaanza kuisikia?”

Kyengo akasema lazima aende, Ndila anangoja nyanya. Alikuwa ameshazinunua. Zilikuwa mkononi mwake.

*

Ilikuwa Jumamosi. Mizani ya ofisini ilikuwa imeonyesha upungufu wa njugu wiki hiyo, na Kang'ethe alikuja mwenyewe kusimama mlangoni jioni, mikono nyuma. Laini ilikuwa imepinda mpaka kwenye matangi ya maji.

“Fungua mdomo. Inua ulimi. Pita. Fungua mdomo.”

Kyengo aliiona leso kabla ya kumwona mtu. Ilikuwa leso ya zambarau yenye maua meupe, na aliijua kwa sababu ni yeye aliyeichagua dukani Krismasi iliyopita, akamtuma Ndila aipeleke Kimbo. Akajiambia leso za namna ile ni nyingi. Laini ikasogea. Akaona mkono ukiuvuta upindo wa leso na kuufunika mdomo.

Mbula, aliyekuwa na siku yake ya kwanza pale, naye akamwona. Aliiona tochi, akaona inavyofanya kwa mwanamke aliye mbele yake, na akafanya lile ambalo angelifanya njiani akikutana na mkwewe: alijitoa kando.

“We mama, rudi laini!” askari wa geti akapaza sauti.

“Huyo anaenda wapi?” Kang'ethe akageuka. “Ukiona mtu anatoka kwa laini, ujue ako na kitu. Mlete mbele.”

Wakamleta mbele. Alisimama pale mikono imeshika leso, mwanamke wa makamo aliyekunja mgongo kidogo kwa kuchambua kutwa, na macho yake yalikuwa kwenye sakafu. Ya Kyengo pia yalikuwa kwenye sakafu. Aliona miguu ya Mbula, vumbi la maganda kwenye patapata alizovaa.

“Mmulike,” Kang'ethe akasema.

Kyengo hakusogea.

“Bosi,” Gathogo akasema kutoka nyuma, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake, “huyo ni mama mkwe wake. Hao hawaangaliani.”

Kang'ethe alijua vizuri kinachosemwa. Yeye mwenyewe mama wa mkewe akija kumtembelea huvaa koti na tai, na huwezi kumwona ametafuna kitu mbele yake. Kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu aliyekumbuka jambo. Lakini watu walikuwa wakimtazama, na mizani ilikuwa imepungua.

“Hata sisi Wakikuyu tuko na uthoni,” akasema. “Lakini hiyo ni ya nyumbani. Hapa hakuna mama mkwe, hapa kuna mfanyakazi. Kama wewe unaona aibu, leta hiyo tochi nimulike mimi.”

Akanyosha mkono.

Hapo ndipo Kyengo angeweza kuokoka. Angeitoa tochi, angegeuza uso, na hakuna mzee wa Kikamba ambaye angemlaumu, maana macho hayangekuwa yake. Koti lingebaki lake, vyumba viwili vingebaki vyake. Aliuangalia mkono ule ulionyoshwa na akaona hawezi. Kumpa tochi ilikuwa ni kuushika mkono wa mtu mwingine na kuupeleka mdomoni mwa mama yake Ndila. Na wazo jingine likamjia, tena likamuumiza kuliko la kwanza, kwamba wanawake wote wale aliowamulika walikuwa mama wakwe wa watu.

Akaizima tochi. Akaitia mfukoni. Kisha akawageuzia mgongo watu wote, akasimama uso ukiwa ukutani.

“Mwaitũ,” akasema, “pita.”

Akasikia patapata zikivuta sakafu, polepole, halafu haraka, halafu zikawa nje kwenye changarawe.

“Kyengo!” Kang'ethe akafoka.

“Na mimi?” Gathogo akauliza. “Nipite?”

“Pita.”

“Na mimi?” ilikuwa sauti ya mwanamke.

“Pita.”

“Funga geti! Wewe, funga hiyo geti!” Kang'ethe akamwambia askari. Askari akaanza kuutafuta ufunguo. Naye alikuwa akimulikwa kila jioni kama wengine, na ufunguo ulimchukua muda mrefu sana kuupata. Hakuna aliyepigana wala aliyeshangilia. Watu walitembea tu, mmoja nyuma ya mwenzake, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza. Kyengo alisikiliza nyayo zao akiutazama ukuta, uso kwa uso na bango la SISI NI FAMILIA MOJA, mpaka nyayo zikaisha.

Alipogeuka alikuwa amebaki na Kang'ethe. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha plastiki, tochi juu yake.

“Unajua kile umefanya?” Kang'ethe akamuuliza. Hakuwa akipiga kelele tena. Alionekana kama mtu anayetaka kweli kuelezwa.

Kyengo akatoka.

*

Simu ya Makau ilikuwa imefika Makongeni kabla yake. Ndila alikuwa amekaa kitandani, kitenge begani, na hakusimama.

“Mkaguzi wa ubora,” akasema.

“Ndila, nisikize.”

“Ubora wa nini, Kyengo? Wa meno ya mama yangu?”

“Sikumulika.”

“Hukumulika leo. Na mama za wenyewe, jana na juzi?”

Kyengo akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali ambapo huketi wageni.

“Ni mimi nilimpeleka,” Ndila akasema. “Nilimwambia aende, mkwe wake ni mkubwa. Nilimwambia kila mtu. Nimetembea hii Makongeni nikisema bwana yangu ni mkaguzi.”

“Ningekwambia nini? Kwamba nalipwa kuangalia watu mdomoni?”

“Ungeniambia hivyo hivyo.”

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa umefungwa. Walijua Dianah yuko nyuma yake, anasikiliza.

Baadaye kidogo Kang'ethe alipiga simu. Kyengo aliweka sauti ya nje ili pasiwe na siri nyingine. Meneja aliongea kwa upole. Alisema hasira ni hasara, alisema hata yeye ana wazazi. Jumatatu Kyengo aje mapema, asimame mbele kwenye maombi, aombe msamaha, watu wapige makofi, yaishe. Tochi bado ni yake. Mtu wa kuaminika si rahisi kupatikana siku hizi, watu wanaacha kazi ovyo ovyo. “Nitakupigia kesho unipe jibu.”

Ndila aliutazama mlango uliofungwa. “Utaenda?”

“Sijui.”

“Mtoto ameshazoea mlango wake,” akasema, si kwa kumlazimisha. Alikuwa akilitaja tu, kama mtu anayetaja kwamba mvua inakuja na nguo ziko nje.

*

Jumapili Kyengo hakwenda kanisani. Ndila alikwenda Kimbo kumwangukia mama yake, na Kyengo alishinda kwenye kigoda chake akitengeneza pasi ambayo haikuwa imeharibika sana. Alikuwa na hofu. Kuna makosa ya nthoni ambayo hulipiwa mbuzi, na kuna mengine ambayo mbuzi hayasafishi, mtu anaishi nayo tu. Hakujua lake liko wapi.

Ndila alirudi alasiri. Alivua viatu, akakaa, na Kyengo akaona uso wake si ule aliotoka nao.

“Anasemaje?”

“Anasema kesho harudi huko. Hata wengine aliopanda nao gari wanasema hawarudi. Analia, Kyengo. Tangu jana analia. Nilidhani analia juu yako.”

“Si juu yangu?”

Ndila akafungua fundo la leso yake. Ndani kulikuwa na kipande cha karatasi ya chooni, na ndani ya karatasi kulikuwa na makadamia mbili. Nzima, za mviringo, nyeupe kama meno ya mtoto. Kyengo alizijua kwa kuziona tu: daraja la kwanza, zile zisizo na hata mkwaruzo.

“Amezitoa wapi?”

Ndila aliinua kidole akagusa shavu lake la kushoto, kisha la kulia.

Kyengo aliuona ule mkono wa Kang'ethe ulionyoshwa. Aliiona Jumatatu asubuhi, jina la Mbula likisomwa uani, makofi.

“Mtoto alimwomba amletee moja aonje,” Ndila akasema. “Akaona hakuna atakayemsumbua, mkubwa wa huko ni mkwewe. Mimi ndiye nilimwambia. Na mimi niliambiwa na wewe.” Akaanza kutetemeka mabega, na Kyengo akadhani amerudi kulia, mpaka alipoona ameufunika mdomo kwa leso, vile vile kama mama yake, na kwamba anacheka. “Amezisafisha kwa maji moto. Amenituma nikwambie hivyo. Anasema umemficha, na Mungu akufiche na wewe.”

Kicheko kikampata Kyengo bila kutarajia, kikaja na machozi yake. Aliyafuta kwa mkono wenye vumbi la pasi.

“Posho mill ya Kiama wanatafuta mtu wa mashine ya kusaga,” Ndila akasema walipotulia. “Si pesa ya maana.”

“Tutarudi chumba kimoja.”

“Tutarudi. Tutashona pazia nzito.”

Mlango ukafunguka, Dianah akatoka. Alikuwa amesikia yote, kama ambavyo watoto husikia yote. Alikuja mpaka mezani, akazitazama zile njugu, akamtazama mama yake, na Ndila akatikisa kichwa kukubali. Dianah akachukua moja, akaing'ata nusu, akatafuna polepole huku wazazi wake wakimtazama.

“Iko aje?” Kyengo akauliza.

“Kama siagi,” Dianah akasema. Akafikiri. “Siagi ya kutafuna.”

Simu ikaanza kulia juu ya meza, jina la Kang'ethe kwenye kioo. Ikatetemeka, ikasogea kidogo kidogo mpaka ikaigusa pasi. Ndila aliitazama, Kyengo akaitazama, na hakuna aliyenyosha mkono.

Dianah alisogea hadi mbele ya baba yake, nusu ya njugu ikiwa kati ya vidole viwili.

“Baba,” akasema, “fungua mdomo.”

Kyengo akafungua.